Mtambo wa jukwaa huuzwa kwa kusimama kwake

Kusogeza pazia kwa mota si kazi ngumu. Fundi aliyewahi kufunga geti la umeme atalipeleka kushoto na kulirudisha kulia bila kuuliza mtu. Ugumu uko kwenye kulisimamisha: lisimame pale pale kila siku, lisimame swichi ikiharibika, lisimame panya akitafuna waya, na umeme ukikatika kisha ukarudi, lisianze lenyewe. Mteja hatayauliza haya mkiwa mnapatana bei. Yeye anaangalia kasi na jinsi boksi linavyong'aa. Lakini hiyo ndiyo bidhaa unayomuuzia, na karakana isiyoiweka kwenye bei huilipia mfukoni baadaye.

Anza na vinavyotembea mlalo

Karakana ya watu watatu wanne inaweza kuishi vizuri kwa mapazia ya kumbi za harusi, makanisa na shule, na jukwaa la kuzunguka mara moja moja. Hivi vyote hutembea mlalo. Vikikwama, shughuli inachelewa na watu wanapiga miluzi. Kinachoning'inia kikidondoka, ni msiba.

Kwa hiyo kazi ya kupandisha taa, skrini au mtu juu ya vichwa vya watu, ikatae mpaka uwe na mhandisi wa kusaini hesabu na vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. (Ombi la bwana harusi kushuka kutoka darini halikosekani. Jibu ni hapana.) Hoisti ya mnyororo ya gereji kwa kawaida ina breki moja. Kwa mzigo unaosogea juu ya watu, Ulaya hudai breki mbili, kila moja iweze kushika mzigo wote peke yake, na waya ambao nguvu yake ya kukatika ni mara kumi ya mzigo. Waya unaokatikia kilo 1,500 hubeba kilo 150, basi. Kiwango chao ni EN 17206 cha mwaka 2020. Kwenye hoisti zenyewe utakuta pia maandishi D8, D8 Plus au C1. D8 haishikilii mzigo juu ya watu bila kiungo cha pili cha usalama. D8 Plus inaruhusiwa kushikilia mzigo uliotulia. C1 ndiyo inayoruhusiwa kuusogeza watu wakiwa chini yake. Ukikodi, soma kibati kabla ya kulipa.

Hata kwenye kazi ndogo za waya, mfano kuvuta kitoroli cha mandhari, klipu zina upande wake. Kwa waya wa milimita 6 funga tatu. Ile sehemu nene yenye mifereji ikae kwenye waya unaobeba mzigo, na bolti yenye umbo la U ikae upande wa ncha iliyokufa. Ukigeuza, U inauponda waya unaofanya kazi. Halafu kaza nati tena baada ya kuvuta mzigo mara ya kwanza, kwa sababu waya ukinyooka unakuwa mwembamba kidogo na klipu zinalegea.

Pazia la mita nane

Tuchukue uwazi wa mita 8, kimo mita 5, vipande viwili vinavyopishana mita moja katikati. Kila kipande kikishonwa kina upana wa mita 4.5. Kwa marinda ya mara mbili, kitambaa chote ni mita 18 kwa 5, yaani mita za mraba 90. Velveti ya gramu 500 kwa mita ya mraba inakupa kilo 45, bila mnyororo wa kwenye pindo. Vigurudumu vya kuning'inizia viwe kila sentimita 30, yaani kumi na sita kwa kila kipande ukihesabu vya ncha zote mbili. Reli izidi uwazi kwa angalau sentimita 80 kila upande, la sivyo pazia likikusanyika litakula jukwaa.

Kuvuta kilo 45 kwenye vigurudumu vya nailoni hakuhitaji nguvu nyingi: kilo nne au tano, na ukijumlisha msuguano wa kamba na kapi, chukulia 15. Mota ya kilowati 0.37 inatosha na kubaki. Mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika, giaboksi ya 1:30, ngoma ya kipenyo cha milimita 150: ngoma inazunguka mara 47 kwa dakika, kamba inakwenda karibu mita 22 kwa dakika, na kila kipande kinamaliza mita 4.5 kwa sekunde 12. Harusini wengi hupenda polepole zaidi. Hiyo ni kazi ya inverta, yaani kifaa kinachobadilisha kasi ya mota (si ile ya betri za sola).

Makosa mengi ya pazia yako kwenye kamba. Kamba ya nailoni hunyumbuka, na baada ya muda katikati ya pazia kunabaki pengo la kiganja ambalo hakuna swichi itakayolitibu. Tumia poliesta iliyosukwa, milimita 8. Izungushe kwenye ngoma mara tatu. Mara mbili huteleza pazia likiwa limekusanyika. Mwisho wa reli weka kapi ya kukazia yenye springi au uzito, kwa sababu hata poliesta mpya hulegea wiki za mwanzo. Safari ya kurudi kukaza baada ya mwezi mmoja iwe ndani ya bei, si hisani. Na kwa kuwa tumeingia kwenye kamba: manahodha wa majahazi walituachia kapi, roda (gurudumu la ndani ya kapi) na henza (kamba ya kupandishia tanga), maneno yanayotofautisha vitu vitatu. Kijana wa karakana anayeita kila kitu "puli" atakuletea kisichofaa.

Kwenye shafti, nunua nondo iliyong'arishwa ya milimita 25, ambayo inaingia moja kwa moja kwenye beringi za UCP 205 na kwenye giaboksi ndogo za alumini zilizoandikwa NMRV 050. Hapo huhitaji mashine ya kukereza yako mwenyewe. Kata mfereji wa ufunguo wa milimita 8 kwa mkereza wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, umlipe, uondoke. Usitegemee skrubu ya kubana peke yake kushika ngoma. Pazia huenda na kurudi, kila mgeuko ni nyundo ndogo, na skrubu hulegea huku ngoma ikichimba shafti. Dalili yake ni mlio wa "tak" kila mota inapogeuka.

Inverta: makosa mawili yanayojirudia

Kumbi nyingi zina fezi moja tu karibu na jukwaa, kwa hiyo inverta ya kuingiza volti 230 za fezi moja na kutoa fezi tatu ndiyo njia ya kawaida. Inatoa fezi tatu za volti 230, si 400. Mota yenye kibati cha 230/400 lazima iunganishwe delta, yaani koili zake zikiungwa pembetatu. Kiwandani hutoka mara nyingi ikiwa nyota, na fundi akiiacha hivyo, nguvu ya kuzungusha inashuka hadi theluthi moja. Inazunguka vizuri karakanani bila mzigo, halafu ukumbini inanguruma na kugoma. Fungua kifuniko, uone vile vibati vitatu vimelala vipi, kabla hujalaumu giaboksi.

Kosa la pili ni kelele kwenye spika. Tumia kebo yenye wavu kati ya inverta na mota, wavu uungwe ardhini pande zote mbili kwa kibano kinachouzunguka wote, si kwa mkia mrefu wa waya. Inverta ipewe laini yake kutoka kwenye ubao mkuu, isichomekwe kwenye soketi ya mtu wa sauti. Kebo za maikrofoni zikae mbali angalau sentimita 30, na zikilazimika kupishana, zipishane msalaba. Mota ikipiga filimbi kwenye ibada ya kimya, pandisha masafa ya kukatia kutoka kilohezi 4 hadi 8, ukijua inverta itapata joto zaidi.

Mpangilio mwingine ni mfupi: mkondo wa mota kama kibati kinavyosema, kuanza kwa sekunde 2, kusimama kwa sekunde 1.5, na kujiwasha baada ya umeme kurudi kuzimwe kabisa.

Swichi, waya kwa waya

Hapa ndipo tunashauri utumie muda mwingi kuliko sehemu zote. Kila mwisho wa reli una swichi mbili. Ya kwanza inaiambia inverta isimame. Kwa kasi ya sentimita 37 kwa sekunde na kusimama kwa sekunde 1.5, pazia linatembea sentimita 28 baada ya swichi kuguswa. Basi swichi iwekwe sentimita 28 kabla ya unapotaka lisimame, si pale pale. Ya pili inakaa sentimita kumi kupita mahali pa kusimama. Hiyo haizungumzi na programu yoyote. Inakata moja kwa moja koili ya kontakta (swichi kubwa ya umeme inayovutwa na koili), ikiwa mfululizo mmoja na kitufe chekundu cha dharura chenye umbo la uyoga.

Tumia miguso iliyoandikwa NC, ile inayokaa imefungwa. Shika swichi mkononi: waya mmoja unaingia, unapita kwenye mguso, unatoka kwenda kwenye swichi inayofuata, kisha kwenye kitufe chekundu, kisha kwenye koili. Umeme unapita muda wote, na kupita kwake ndiyo ruhusa ya kutembea. Panya akikata waya, skrubu ikilegea, mtu akichomoa plagi, ruhusa inakwisha na mtambo unasimama. Ukitumia NO, ile inayokaa wazi, majaribio yote siku ya kukabidhi yatakwenda sawa, na waya uliokatika miezi sita baadaye utajulikana siku ile pazia linapong'oa reli.

Kontakta ijishike kwa mguso wake yenyewe, ili umeme wa TANESCO au KPLC ukikatika iachie, na ukirudi ikae imeachia mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwasha. Nunua inverta yenye vituo vya STO (vya kuinyima mota nguvu kwa usalama), uvipitishe kwenye mnyororo huohuo wa usalama. Vitufe vya kufungua na kufunga viwe vya kushikilia: kidole kikitoka, pazia linasimama. Mteja atalalamika kuwa anataka abonyeze mara moja aende zake. Mwelekeze asimame mahali anapoliona pazia.

Vibodi vya Arduino, vile vikompyuta vidogo vya kuprogramu, vinafaa kwa majaribio na kwa kuhesabu mahali, havifai kuwa ndivyo vinavyoamua kusimama. Kelele ya umeme ya mota inaweza kukiwasha upya kibodi katikati ya safari, kikasahau pazia lilipo.

Jukwaa la kuzunguka

Kipenyo cha mita 4 kina mzingo wa mita 12.57. Gurudumu la kusukuma la milimita 200, giaboksi ya 1:50, mota ya 1,400: ukingo unakwenda sentimita 29 kwa sekunde, mzunguko mmoja sekunde 43. Kwa kasi hiyo mcheza ngoma anapanda na kushuka bila kuruka. Uzito wa jukwaa na watu wanane, tuseme kilo 1,200, unadai msukumo wa kilo kama 42 pamoja na ule wa kuanza kutembea. Mota ya kilowati 0.75 ina akiba ya kutosha. Springi ya kubana gurudumu la mpira iwekwe karibu kilo 100. Usiibane zaidi. Mguu wa mtu ukinaswa, gurudumu linaloteleza ni rafiki yako.

Magurudumu ya kubebea yasiwe ya kugeuka. Tumia yasiyogeuka, 24, yakiwa yametazama juu kwenye fremu ya chini: manane kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 1, kumi na sita kwenye la mita 1.8. Ekseli ya kila gurudumu ielekee kitovuni; funga uzi katikati ukapige mstari kabla ya kutoboa. Gurudumu lililopinda kidogo tu linapiga yowe mzunguko mzima. Sakafu haijawahi kunyooka, hivyo chukulia nusu tu ya magurudumu ndiyo yanabeba: kilo 100 kila moja, nunua ya kilo 150. Juu weka plaiwudi mbili za milimita 18, maungio yapishane.

Giaboksi hizi hazikubali kusukumwa kinyume, kwa hiyo weka kishikio cha kuliondoa gurudumu la kusukuma. Huko Osaka, Japani, mwaka 1758, jukwaa la kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani) lilizungushwa na watu, na umeme ukikatika katikati ya onyesho utawahitaji watu hao hao.

Pesa na makabidhiano

Pima ukumbi mwenyewe, uwazi sehemu tatu, na upande darini uone kenchi ni za nini. Malipo ya mwanzo yawe asilimia 70, kwa sababu mota, inverta na reli unalipia kabla hujavishika. Usitaje tarehe ya kukabidhi mpaka mzigo utoke bandarini. Fundisha watu wawili, maana mmoja atahama. Acha boksi la akiba: kamba nzima ya urefu kamili, vigurudumu vitano, swichi moja, kitufe kimoja, fyuzi.

Siku ya kukabidhi, endesha mtambo ukiwa na robo zaidi ya uzito wake, kisha chomoa waya wa kila swichi mmoja mmoja mbele ya mteja, mtambo ukiwa unatembea. Usiposimama hata mara moja, hakuna kusaini. Mwisho, andika namba zote za mpangilio wa inverta kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa boksi. Inverta ikiungua, atakayeibadilisha anaweza asiwe wewe.