Gari au skuta kwa likizo ya kisiwani?

Ndugu, umeuliza kama ninyi wawili na mtoto wenu wa miaka minne mkodi skuta au gari kwa wiki moja kisiwani. Ningewasihi mkodi gari dogo, tena kwa siku mbili au tatu tu za kwenda fukwe za mbali, na siku zilizobaki mtembee kwa miguu au mpande basi. Skuta huvutia kwa wepesi wake, lakini mvua ya kitropiki hushuka ghafla, na mchanga mwembamba uliopeperushwa hadi kwenye kona hutelezesha tairi kabla dereva hajauona. Mtoto wa umri huo hana pa kujishikilia. Isitoshe, bima nyingi za safari hazilipi fidia ya ajali ya pikipiki ikiwa dereva hana leseni ya daraja hilo.

Kabla ya kuondoka na gari, lizungukeni mkipiga picha kila mkwaruzo, hasa kwenye rimu na chini ya bampa, na tafadhali msiache pasipoti kama dhamana. Someni pia mkataba kama unaruhusu barabara za vumbi, kwa sababu fukwe tulivu mara nyingi ziko mwisho wa barabara hizo.