Uskoti: Usiitupe Karatasi ya Pili

Juzi dada mmoja wa Kongo anayeishi Glasgow ameniuliza: "Kaka, chama changu ni kimoja tu. Uchaguzi wa Bunge la Uskoti, karatasi mbili za kura za nini?" Nimefurahi sana. Swali hilo nimelijibu kanisani, saluni na jikoni kwa watu, huku wenzangu wakininyooshea vidole kwamba najiingiza kwenye siasa za wenyewe. Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Karatasi ya kwanza humchagua mbunge wa jimbo; majimbo yako 73. Ya pili hugawa viti 56, saba kwa kila mkoa. Hapo kura za chama hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo kimeshapata, ukiongeza kimoja. Mwaka 2021 SNP, chama kinachotaka uhuru wa Uskoti, ilizoa majimbo yote 9 ya Glasgow, kwa hiyo kura zake za pili zikaanza kugawanywa kwa 10, na haikuambulia hata kiti kimoja cha mkoa. Chama cha Labour, kilichoangushwa kila jimbo, kikapata 4, Conservative 2 na Greens 1. Anas Sarwar wa Labour alishindwa jimboni na Nicola Sturgeon wa SNP, akaingia bungeni kwa mlango huo wa pili.

Sasa niseme linalonikera. Sisi Wakenya tunakuja huku na tabia ya kurithi chama: mzee akisema, nyumba nzima inafuata. Tazameni Waskoti. Mwaka 1999 Labour ilikuwa na viti 56 Holyrood, yaani Bunge la Uskoti, SNP 35. Ikaja kura ya maoni ya uhuru ya 2014, na wafanyakazi wengi waliosema "Ndiyo" wakaihama Labour. Mwaka uliofuata ikabaki na kiti 1 kati ya 59 vya Uskoti kule Westminster, Bunge la Uingereza la London. Mwaka 2024 ikarudi na 37 kati ya 57, SNP ikabaki na 9, kwani wengi walitaka kwanza kuwaondoa Conservative waliokuwa wakitawala London. Chama hulipwa kwa kazi, kisha huachwa. Jifunzeni hilo!

Nawe dada, sheria ya 2020 inakuruhusu kupiga kura Holyrood na ya madiwani ukiwa na kibali cha kuishi, hata bila uraia. Ya Westminster bado, ingawa Mkenya au Mtanzania anaipiga kwa kuwa nchi zao zimo Jumuiya ya Madola. Jiandikishe mapema. Kitambulisho cha picha hutaulizwa siku ya Holyrood.

Ya kwanza mpe mtu unayemtaka jimboni. Ya pili, hesabu kwanza.