Kompyuta ndiyo iliyompangia dada yangu tiba

Daktari alitumia neno "kura". Alimweleza dada yangu kwamba akikubali kuingia kwenye utafiti, tiba haitachaguliwa na daktari wala na yeye mwenyewe. Kompyuta itampanga huku au kule. Kundi la kwanza lingepata matibabu ya kawaida ya saratani ya titi. Kundi la pili lingepata hayohayo pamoja na dawa mpya. Dada alinyamaza mpaka tulipotoka nje, ndipo akaniambia, "Mdogo wangu, yaani uhai wangu ndio wanataka kuupigia kura?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ninaliandika kwa ajili ya yeyote aliyepewa fomu ya ridhaa na wiki moja ya kuamua, maana najua usiku wa wiki hiyo ulivyo mrefu.

Kilichotutia hofu ni lile kundi la kwanza. Tuliona kuangukia huko ni kunyimwa. Kama dawa mpya si bora, mbona wanaihangaikia? Nilifika mahali pa kumfuata muuguzi wa utafiti pembeni, nimuulize kama kuna mtu wa kuongea naye ili dada apangwe kundi la pili. Hakunikasirikia. Aliniambia, "Tungejua ipi ni bora, tusingefanya utafiti. Tungempa tu."

Maneno hayo niliyasikia, lakini kuyaelewa kulinichukua siku kadhaa za kusoma. Kilichonifumbua macho ni historia ya saratani hiihii. Miaka ya 1990 kulikuwa na tiba iliyopewa matumaini makubwa: mgonjwa anapewa kemotherapia kali mno, kiasi cha kuuharibu uboho wa mifupa yake, unaotengeneza damu, kisha anarudishiwa seli zake mwenyewe zilizovunwa na kuhifadhiwa mapema. Hoja yake ilieleweka hata kwa mtoto: dawa ikizidi, saratani itazidi kufa. Maelfu ya wanawake nchini Marekani waliipata nje ya utafiti, na wapo walioshtaki kampuni za bima ili ziwalipie. Waliokubali kupigiwa kura walikuwa wachache, kwa hofu ileile ya dada yangu, hivyo majaribio yakachukua miaka kupata watu wa kutosha. Matokeo yalipoanza kutangazwa mwaka 1999, karibu yote yalisema jambo moja: waliopata tiba ile kali hawakuishi zaidi ya wenzao waliopata ya kawaida. Na wengine waliuawa na tiba yenyewe. Jaribio lililoonyesha mafanikio makubwa lilitoka Afrika Kusini, na wakaguzi walipokwenda kulichunguza mwaka 2000 ilibainika kwamba lilikuwa na udanganyifu.

Nilisoma hayo nikamfikiria mtu aliyeuza mali zake ili mkewe apate "ile mpya". Mimi ningeuza pia.

Kwenye moyo hali ilikuwa mbaya zaidi. Miaka ya 1980 madaktari walishajua kwamba mtu aliyenusurika mshtuko wa moyo, kisha moyo wake ukawa unaruka mapigo ovyo, yuko kwenye hatari kubwa ya kufa ghafla. Dawa za kuyatuliza mapigo hayo zilikuwepo, zikiwemo flekainidi na enkainidi. Ukimpima mgonjwa, mistari kwenye karatasi inatulia, daktari anafurahi, mgonjwa anafurahi. Ndipo ukaja utafiti ulioitwa CAST, ukawagawa wagonjwa kwa kura: wengine dawa hizo, wengine vidonge vinavyofanana nazo visivyo na dawa ndani. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati. Kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa vidonge vitupu, walikufa 26. Karatasi ilikuwa imetulia na watu wanakufa. Wale ambao ndugu zao wangeona wamenyimwa ndio waliokuwa salama zaidi.

Hapo ndipo nililikumbuka goti langu. Miaka michache kabla ya ugonjwa wa dada, picha ilionyesha kwamba meniskasi, ule mto wa gegedu ulio kati ya mfupa wa paja na wa muundi, umechanika kwa kuchakaa. Nilitaka upasuaji wa kamera, tena haraka. Daktari wa mifupa akanieleza utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 146, wote waliingizwa chumba cha upasuaji na kuchunguzwa goti kwa kamera. Kisha nusu wakakatwa ile sehemu iliyochanika. Kwa nusu nyingine daktari aliomba vifaa vilevile, akalikunja goti, akaikandamiza mashine juu ya kifuu cha goti ikiwa haina wembe, ili mgonjwa asikie mlio na mtikisiko uleule. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Nilimkasirikia yule daktari, nikahisi ananifukuza. Nilifanya mazoezi ya fiziotherapia kwa shingo upande, na kufikia mwezi wa nne nilikuwa napanda ngazi bila kushika ukuta. (Naongelea goti lililochakaa. Aliyeumia ghafla na goti likajifunga lisinyooke, hilo ni jambo jingine, awahi kwa daktari.)

Sasa fomu yenyewe. Isomeni wawili, kwa sauti, kalamu mkononi. Swali la kwanza liwe: huu ni utafiti wa awamu ya ngapi? Hayo niliyoeleza yanahusu hasa awamu ya tatu, pale dawa mpya inapopimwa dhidi ya matibabu bora yaliyopo. Awamu ya kwanza watu huwa wachache na kinachotafutwa hasa ni kipimo cha dawa ambacho mwili unakistahimili, kwa hiyo matumaini yako yawe ya kiasi hicho. Kisha uliza wanahesabu nini. Uvimbe unaweza kupungua kwenye picha na mtu asiongezewe hata mwezi mmoja; mapigo ya moyo yanatufundisha hilo.

Swali lililomtuliza dada ni hili: nisipoingia, nitatibiwa na nini? Jibu likawa: kwa matibabu yaleyale ya kundi la kwanza. Kumbe matibabu ya kundi aliloliogopa ndiyo ambayo angepata hata akikataa.

Uliza pia nani atalipa ukidhurika, damu yako itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na namba gani ya kupiga usiku. Haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu imo katika Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili wa Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, la tangu mwaka 1964. Kama hujaiona kwenye fomu, usisaini mpaka uionyeshwe.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, nakuomba usifanye nilichofanya mimi. Kwa siku tatu nilimshinikiza dada akubali, halafu siku mbili nikamshinikiza akatae. Alikuwa amechoka na ugonjwa, nikamwongezea kazi ya kunibembeleza mimi. Siku ya sita aliniomba nikae nje.

Alisaini. Kompyuta ikampanga kundi la kwanza. Muuguzi alipompigia simu kumjulisha, dada aliitikia "haya", akauliza dripu ya kwanza ni lini.

Utafiti bado unaendelea, na kila miezi mitatu anajaza dodoso. Mara ya mwisho niliketi naye. Kulikuwa na swali la uchovu, uupime kuanzia 0 hadi 10. Akaandika 4. Akatazama dirishani muda mrefu, akaikata, akaandika 6.

"Nilitaka kuwafurahisha," akasema, akafunua ukurasa wa pili.