Tezi zimefura baada ya ARV? Usimwachishe dawa!

Dada wa Kondele, hizo ARV usiziguse. Umeandika kwamba kaka yako alishaanza kupata nafuu kwa dawa za TB, akaanzishiwa ARV, na wiki ya tatu homa imerudi, tezi za shingo zimefura hadi ukubwa wa yai, na jirani anasema "dawa zimemkataa". Huyo jirani, kila mtaa una wake! Wa kwetu aliuza mizizi na alikuwa na jibu la kila ugonjwa, ila la deni lake dukani hakuwa nalo.

Sikiza. Bakteria wa TB wakifika mapafuni humezwa na makrofaji, chembe za kinga zinazomeza vijidudu, lakini makrofaji peke yake hushindwa kuwaua hadi zichochewe na chembe za CD4, makamanda wa kinga, zinazotoa interferoni gama, kemikali ya kuziamsha. Zikishirikiana huwazingira bakteria ndani ya kivimbe, granuloma. VVU vinaangamiza CD4, kivimbe kinalegea, TB inasambaa hadi kwenye tezi na hata utando wa ubongo. Na kwa kuwa mashimo ya mapafu huchimbwa na kinga yenyewe, mwenye CD4 chache anaweza kupigwa eksirei isionekane shimo, makohozi yasionyeshe kitu kwa hadubini, na huku anaisha.

ARV zikishusha virusi, kinga inarudi na kukuta bakteria, hata mabaki ya waliokufa, kila mahali. Inawavamia wote kwa mpigo. Hiyo homa na hizo tezi huenda ni vita hivyo. Kliniki wanaiita IRIS. Hutokea zaidi miezi 3 ya kwanza ya ARV, hasa kwa aliyeanza na CD4 za chini sana.

Ukikatiza ARV, virusi vinapanda, CD4 zinashuka tena, na usugu wa dawa unapata mlango. Ukikatiza za TB ni mbaya zaidi: bakteria waliobaki wanaweza kuizoea rifampisini, dawa kuu ya TB, na TB sugu si mchezo.

Mrudishe kliniki na mfuko wote wa dawa. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayoonyesha kama TB imekuwa sugu kwa rifampisini, kwa sababu TB sugu nayo huja na homa hiyohiyo. Ikithibitika ni IRIS, daktari anaweza kumpa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, kwa kipimo chake. Usiinunue dukani: inatuliza kinga, na kama TB ni sugu umeipa nafasi. Akiumwa kichwa sana, shingo ikakaza, akachanganyikiwa au akahema kwa shida, ni usiku huohuo, tafuta gari.

Hesabu vidonge pia. Rifampisini hupunguza dolutegravir, mojawapo ya ARV, mwilini, kwa hiyo mtu mzima hunywa miligramu 50 mara mbili, kila saa 12: asubuhi ile iliyomo kwenye kidonge cha mchanganyiko wa ARV, jioni dolutegravir peke yake, hadi wiki 2 baada ya rifampisini kuisha. Ya jioni ndiyo husahaulika.

Na andika tarehe aliyoanza dawa za TB na aliyoanza ARV. Bila hizo mbili, IRIS na usugu vinafanana.