Muulize Sista: Madaktari watatu wametuacha kwa miaka miwili

SWALI: Sista hujambo. Mimi ni katibu wa chama cha watu wa nyumbani, tuko kama 30 hivi hapa Nairobi, wengi Kayole na Umoja, nyumbani ni Ukambani ndani kabisa, kaunti sitaitaja wala hospitali. Tuna hospitali ya level 4, yaani ya kaunti ndogo, jengo liko sawa, lakini kwa miaka miwili tumeletewa madaktari watatu na wote wameenda. Wa mwisho alikaa miezi minne tu, hata mbuzi tuliyempea ya kumkaribisha hakuwa ameichinja. Mkutano wa mwezi huu ulikuwa moto, wengine wanasema hawa vijana wamezoea Nairobi hawawezi maisha ya kula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, wengine wanataka tuchange tumuongezee daktari atakayekuja elfu 20 kila mwezi juu ya mshahara. Wewe unasemaje? (Katibu, Kayole)

JIBU: Katibu, hiyo ya mbuzi imenichekesha, pole. Lakini hebu nikuulize, kati ya hao watatu kuna hata mmoja mliyempigia simu akishaondoka mkamuuliza daktari, shida ilikuwa wapi? Manake naona mmefanya kikao kizima kuwahusu na hakuna aliyewasikia.

Mimi nimekuwa nesi miaka 19, sita kati ya hiyo level 4 moja iliyo mbali na lami, acha nikusimulie usiku mmoja. Saa nane usiku analetwa mama na boda, amejifungulia nyumbani, damu haikatiki. Daktari alikuwa kijana wa miaka 27 na ndiye daktari pekee pale, mtu wa nusu kaputi alikuwa ofu, kwa friji ya damu kuna pakiti moja tu. Neti haishiki ndani ya wodi kwa hivyo alikuwa anatoka mbio, anapanda jiwe lililo chini ya mwembe, anampigia simu mwalimu wake aliyemfundisha, anasikiza, anarudi ndani anafanya alivyoambiwa, anatoka tena. Mara nne. Mimi nasugua tumbo la mama kizazi kijikaze na mkono umekufa ganzi. Mama akapona, namshukuru Mungu. Saa tatu asubuhi kijana bado ako na damu kwa viatu, kiongozi mmoja wa hapo akaingia na mtu wa kushika simu wanarekodi video, ati wagonjwa wamepanga foleni na daktari hajulikani aliko. Video ikazunguka WhatsApp ya wadi nzima. Hakujibu kitu. Baada ya miezi miwili alifunga begi, na kila mtu akasema ameenda kutafuta pesa.

Sisemi pesa si kitu. Tangu 2013 afya ilipoenda kwa kaunti, anayemlipa huyo daktari ni kaunti, na mgao kutoka Nairobi ukichelewa mshahara unachelewa, hii unajua. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na malalamiko mengi yalikuwa ni makubaliano yaliyotiwa sahihi hayatimizwi. Halafu kuna hesabu nyingine watu wa nje hawaioni: daktari wa Nairobi akitoka zamu yake anaenda kufanya lokamu, yaani zamu za kulipwa pembeni, hospitali za kibinafsi, usiku huu hapa, wikendi ijayo pale, na hiyo ndiyo inalipa kodi ya nyumba na karo. Huko kwenu lokamu ataifanya wapi? Ile alawansi ya mazingira magumu, kama mahali penu hata panahesabika kuwa pagumu, haiwezi kuziba hilo pengo.

Sasa elfu 20 zenu. Hapana. Kwanza mtalipa miezi mitatu mchoke, chama nakijua, Januari tu ya karo mtu hata simu hashiki. Pili huyo ni mtumishi wa umma na kuna sheria kuhusu zawadi na pesa za pembeni, msimuingize kwa matatizo. Na tatu, hii ndiyo inaniuma, yule klinikal ofisa wenu, anayetibu ingawa si daktari, amekaa hapo miaka mingapi? Najua yuko, kila level 4 iko naye, huko kijijini hata yeye mnamuita daktari, na ndiye amewatibu miezi yote hiyo mmekuwa bila. Alipewa mbuzi? Mkianza kumuongeza mgeni elfu 20 na huyo anaona, mtabaki bila wote wawili. Huyo mtu wa nusu kaputi pia mara nyingi ni klinikal ofisa aliyeongeza masomo, bila yeye daktari hata awe nani hawezi kufungua tumbo.

Hiyo pesa ingekuwa yangu ningeanza na nyumba. Nendeni muone daktari analala wapi, nimeona nyumba za wafanyakazi ambazo dari ni ya popo na maji ni ya kununua kwa mtungi, mtu anapika noodles kwa birika. Tangi, sola ndogo, mlango unaofungika, intaneti inayofika mpaka wodini ndio asipande jiwe. Hivyo vinabaki hapo hata yeye akienda. Kisha mtume watu wawili wenye akili kwa kamati ya hospitali, sababu tangu sheria ya 2023 hospitali za umma zinafaa kubaki na pesa zinazokusanya badala ya kuzipeleka kwa akaunti ya kaunti zipotelee huko, muulize zinaenda wapi na kama jenereta imo. Na mkae na kiongozi wenu wa wadi mapema, akiwa na malalamiko aende ofisi ya msimamizi, kamera abaki nayo.

Kuna jambo moja chama hakiwezi, nalo ni ubingwa, yaani daktari kusomea tawi moja la udaktari. Kijana amesoma miaka sita chuo, mwaka mmoja mwanagenzi, anataka kuwa daktari wa upasuaji au wa watoto na hiyo masomo inamtoa kijijini karibu lazima. Akiona kaunti haitoi ruhusa ya masomo na mshahara, au inatoa kwa kujuana, ataacha kazi aende. Bodi ya kuajiri ya kaunti ndiyo mnafaa kusumbua hapo: mpeni masomo na aweke sahihi kwamba atarudi.

Na usiniambie kuhusu kuleta wageni, 2018 tuliletewa 100 kutoka Cuba wakagawanywa kwa kaunti, 2019 wawili wakatekwa nyara Mandera, 2023 wizara ikasema mkataba hauongezwi. Walifanya kazi, lakini mkataba ukiisha unarudi pale pale.

Wajapani walifanya tofauti. Wana mikoa 47, sawa kabisa na kaunti zetu. Mwaka 1972 mikoa yote ikaanzisha chuo kimoja cha udaktari, Jichi, kila mkoa unapeleka wanafunzi wake wawili watatu kila mwaka, karo analipiwa kama mkopo, akimaliza anarudi mkoa wake miaka tisa na mkopo unafutwa. Hata Shirika la Afya Duniani mwongozo wake wa kwanza wa 2010 kuhusu jambo hili ulianza na hapo, chukua mtoto aliyelelewa kijijini. Kwa hivyo Katibu, kwa shule zenu kuna msichana wa kidato cha tatu anayependa bayolojia na karo inamsumbua. Mnamjua kwa jina?

SWALI: Sista, binti yangu amemaliza mwaka wa uanagenzi, kaunti moja ya kaskazini imempa kazi. Nimekosa usingizi. Nimzuie? (Mama, Umoja)

JIBU: Mama, usimzuie, ila asiende hivi hivi tu. Kabla aweke sahihi ampigie daktari aliye huko sasa (na aliyetoka huko pia, huyo ndiye atasema ukweli), aulize mshahara wa mwezi jana uliingia tarehe ngapi, madaktari ni wangapi kwa zamu, ambulensi ina mafuta, nyumba iko ndani ya ua la hospitali au atatembea usiku, na baada ya muda gani anaruhusiwa kwenda kusoma. Wakisema daktari ni mmoja, aombe wapelekwe wawili. Wakikataa, hapo sasa hata mimi ningelala macho. Na mnunulie laini mbili za mitandao tofauti, moja ikilala nyingine ishike.