Nanga ya mashua imenasa kwenye kebo ya intaneti

Ndugu nahodha, umesema nanga yako imenasa nje ya Mombasa na unashuku imeshika kebo ya intaneti. Tafadhali usiivute kwa nguvu wala usiiguse kebo, kwani hupitisha umeme wa maelfu ya volti. Mwaka 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS, kebo ya intaneti ya baharini kati ya Kenya na Falme za Kiarabu, karibu na hapo. Kata kamba ya nanga, ukiwa umeifunga boya, andika mahali ulipo kwa GPS, kisha wajulishe wa bandarini kwa redio, chaneli 16.

Nanga ni ghali, najua. Hata hivyo, kifungu cha 115 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinataka mwenye kebo amfidie mwenye chombo aliyeiacha nanga ili kuinusuru kebo, mradi alichukua tahadhari zote zifaazo mapema; basi mkifika nchi kavu, andikeni maelezo yenye saini za mabaharia, na umwone wakili.