Lisa Su ni mhandisi kwanza
Je, Lisa Su, mkuu wa AMD, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ni mtu wa biashara tu aliyeletwa huko kubana matumizi? Hapana, ni mhandisi hasa. Alizaliwa Tainan, Taiwan, mwaka 1969, akakulia New York, akasomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, hadi shahada ya uzamivu. Akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM alishiriki kazi ya kubadili nyaya za ndani ya chipu kutoka alumini hadi shaba. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa.

Alipokabidhiwa uongozi wa AMD Oktoba 2014, kampuni ilikuwa hoi kwa madeni, hisa moja kama dola 3. Hakukimbilia soko la simu. Alielekeza nguvu kwenye usanifu mpya wa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) uitwao Zen, na prosesa za kwanza za usanifu huo, Ryzen, zikatoka 2017. Kuvumilia muda wote huo kunahitaji moyo!